Gambusi Dogo Lilikuwa la Dada

Mfunguo Tano, mwaka 1906, Kilwa Kivinje. Mwezi huo tulipata habari kwamba dada yangu amefariki huko Njinjo, na kwamba gambusi dogo la baba, alilokwenda nalo kwa mumewe, halitapigwa tena. Habari hizo mbili ziliingia nyumbani kwetu siku moja, kwa mdomo wa mtu mmoja, na tangu hapo nikikumbuka moja nakumbuka na ya pili.

Nisingeandika haya kama si harusi ya Ijumaa iliyopita. Hapa Mitwero ninapoishi sasa, jirani yangu alimwoza mjukuu wake, na baada ya alasiri wakaja vijana wa dansi wenye magitaa matatu. Mimi nilikuwa nimekaa upenuni na wanawake wenzangu, miguu imenyooshwa, sahani ya pilau pajani. Gitaa moja lilikuwa dogo mno, la kukaa kwapani, na aliyelishika alikuwa jitu zima lenye ndevu. Lile kubwa kuliko yote alipewa kijana mwembamba, kichwa chake kinachungulia kwa juu. Jirani akanigusa bega.

"Wamechanganyikiwa hao," akasema. "Mdogo kapewa kubwa, mkubwa kapewa dogo."

Wote wakacheka. Mimi niliiweka sahani chini. Nilikuwa namtazama yule kijana mwembamba, maana na mimi nilikaa hivyo hivyo utotoni, nimelikumbatia lidude linalonizidi kimo, nikimwangalia mwenye dogo.

Baba yetu alikuwa seremala. Alitengeneza milango na vitanda vya kamba, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, lakini akimaliza alirudi kwenye magambusi. Alichukua gogo la mfenesi, akalichimba kutoka shingoni hadi tumboni kama anayechimba upawa mkubwa, kisha akaliwamba ngozi ya mwanambuzi, akafunga nyuzi za utumbo wa mbuzi. Uani kwetu daima kulinuka utomvu wa mfenesi. Maranda ya mbao yalikuwa ya manjano, yalitunasa kwenye nyayo tukaingia nayo ndani, na bibi, mama yake baba, alilalamika kila siku kwamba ameyakuta kwenye mchuzi. Bibi ndiye aliyetulea. Mama alifariki mimi nikiwa sijaanza kutembea.

Wakati huo, mwanamume hakanyagi uani kwenye shughuli ya wanawake. Harusi ilikuwa na watu wa nje na watu wa ndani, na katikati pazia. Wanaume walikuwa na wapigaji wao barazani. Wanawake uani walikuwa na ngoma na vigelegele, na wakitaka kusikia gambusi walisogea ukutani wakatega masikio. Baba hakupenda hivyo. Alisema anatengeneza kitu kizuri halafu nusu ya mji inakisikia kupitia ukuta. Basi akatengeneza magambusi matatu, dogo, la kati na kubwa, akawafundisha wanawake wa nyumbani kwake.

Siku alipoyapanga juu ya mkeka, mimi nilikuwa msichana wa kama miaka minane. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyerudi kwetu baada ya kuachika, alikuwa mtu mzima. Dada alikuwa kati yetu, ameshavunja ungo, mabega mapana, vidole vinene vya mkuna nazi. Nikatazama yale matatu, nikatutazama sisi watatu, nikaona hesabu imekamilika yenyewe. Nikakaa chini nikaliweka dogo pajani. Lilienea sawasawa, utasema nilipimwa.

Baba akalitoa pajani pangu, akampa dada. La kati akampa shangazi. Kubwa akaliegemeza kifuani pangu na nikaona giza.

"Baba, hili linanizidi," nikasema kutoka nyuma ya gambusi.

"Gambusi si kanzu," baba akasema. "Halikatwi kwa kimo cha mvaaji. Linakatwa kwa kazi."

Akatueleza kazi zenyewe, na mpaka leo nazikumbuka vile alivyozieleza. Dogo nyuzi zake ni fupi na zimekazwa sana, sauti yake ni nyembamba. Uani pamejaa wanawake, hawa wanapiga vigelegele, wale wanagombana juu ya mikeka, watoto wanalia, na bado sauti ile itapenya. Kwa hiyo dogo ndilo linalosema wimbo. La kati halisemi, linajaza nafasi pale dogo linapovuta pumzi. Kubwa lina nyuzi tatu tu, nene, na mkono wa kushoto hauna haraka. Sauti yake iko chini hata watu hawajui kwamba wanaisikia. Miguu yao ndiyo inayoisikia.

"Na wewe," akaniambia, "una sikio lisilokimbia. Dada yako akishika hili atalikimbiza. Tena wewe ni mdogo, vidole vyako havijapata nguvu ya zile nyuzi zilizokazwa."

Nilielewa. Kuelewa hakukunisaidia chochote.

Tulianza kuitwa. Kivinje ilikuwa na watu wa kuoana wakati ule, na habari kwamba kwa seremala kuna wanawake wanaopiga gambusi ilienea. Tukifika uani, mimi nilikuwa wa kwanza kuchekwa.

"Mtoto kalibeba gambusi, au gambusi limembeba mtoto?"

"Mwacheni, ni mume wake huyo."

"Mume gani mwenye tumbo vile, atamlisha nini?"

Shangazi aliwajibu kwa niaba yangu, maana ulimi wake ulikuwa mkali, lakini akishawajibu na yeye alicheka. Kisha tukaanza. Mimi nilipiga nyuzi zangu tatu, shangazi akaingia, halafu dada akainua kichwa akaliacha dogo liseme, na uani pote pakanyamaza. Vile vidole vinene sijui vilikwenda wapi. Vilikimbia kwenye ile shingo fupi hata huvioni. Walimtuza. Huyu alimvisha leso begani, yule alimchomekea kikuba cha asumini kwenye nywele, mama wa bwana harusi alimlisha halua kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Leso ya mtu mmoja iliwahi kunigusa usoni ikienda begani kwa dada.

Nyumbani tulilala kitanda kimoja. Asumini zile alizitandaza kwenye mto, na nilivuta harufu ya sifa zake mpaka usingizi ukanichukua. Alikuwa na tabia ya kuniletea halua aliyopewa, ameifunga kwenye ncha ya kanga. "Haya kula, bwana mkubwa," aliniambia, akimaanisha gambusi langu. Niliila. Ilikuwa tamu, na nilichukia utamu wake.

Usidhani dada alikuwa mwenye majivuno. Ingekuwa rahisi zaidi. Alipotwanga alichukua mchi mzito, kisimani alijaza mtungi wangu kabla ya wake, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliponichapa kwa kusahau sura, ni yeye aliyenikandia mgongo kwa maji ya uvuguvugu. Huyo ndiye niliyemwonea wivu.

Mara moja nililipata lile dogo. Dada alijikata kidole cha mkono wa kushoto kwenye mbuzi akikuna nazi, na kulikuwa na harusi keshokutwa yake. Kidole kilichofungwa kitambaa hakiwezi kukimbia kwenye dogo. Shangazi akasema tubadilishane, mimi nishike dogo, dada akalie kubwa. Baba alikubali. Nilikuwa nimeshakua kidogo, na nyimbo zote nilizijua, maana nilizipiga kila siku kwa vidole kwenye mpini wa mchi. Usiku huo sikula.

Nilipiga sawasawa. Nasema hivi kwa kuwa shangazi naye alisema, na yeye hakuwa mtu wa kupaka mafuta. Hakuna nilipokosea. Lakini katikati ya wimbo wa pili niliona wanawake wanamgeukia dada. Alikuwa amelikumbatia lile kubwa, kidole kimesimama pembeni na kitambaa chake, anazipiga zile nyuzi tatu, na hakulikimbiza hata kidogo, baba alikosea. Alilipiga polepole kuliko mimi. Kila alipogusa uzi, kuna mtu aliinuka. Walicheza hata wale waliokuja na fimbo. Mama mmoja mzee, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Leo hili kubwa limeamka. Siku zote lilikuwa limelala?"

Tukirudi nyumbani nilitembea nyuma. Shangazi akanisubiri njiani.

"Usinune. Umepiga vizuri."

"Mbona hakuna aliyesema?"

"Si nimesema mimi?"

"Wewe ni shangazi."

"Basi nenda ukamtafute asiye shangazi yako akusifu," akasema, akanichukulia gambusi ili nitembee mikono mitupu.

Mwaka mmoja kabla ya vita dada aliposwa. Mume alikuwa mkulima wa Njinjo aliyekuja Kivinje kuuza mtama na nta, mtu mpole, anacheka kabla hajamaliza kusema. Nyumba nzima ilihangaika. Bibi alipika vitumbua kila asubuhi kwa ajili ya wageni, na mimi niliagizwa maji mpaka utosi ukauma. Sikulalamika. Kwa maana nilikuwa na jambo langu. Dada akienda Njinjo, dogo litabaki, na likibaki litashikwa na nani? Hata bibi aliniambia tukichambua mchele: "Haya, zamu yako imefika, dada yako hawezi kwenda na kila kitu." Nililala nikijiona uani, kichwa nimekiinua, leso begani.

Asubuhi ya kuondoka, baba alitoka chumbani na dogo limefungwa kwenye kanga mpya, akaliweka juu ya mzigo wa dada.

"Baba," nikasema, "na mimi?"

"Wewe una lako."

"Langu si lile."

Baba akanivuta pembeni, hakukasirika. "Sikiliza. Kule hana shangazi wala hana wewe. Hakuna wa kumjazia wala wa kumshikia chini. La kati haliwezi kukaa peke yake nyumbani, na lako haliwezi kabisa, litakuwa linaguna tu. Dogo ndilo linaloweza kwenda na mtu mmoja. Wewe nitakutengenezea dogo jingine. Ngozi ile pale." Akaonyesha ngozi ya mwanambuzi aliyoitandaza ukutani kwa vijiti. "Nangoja gogo."

Gogo la kwanza alilolipata lilipasuka likikauka. La pili hatukulipata. Mimi na shangazi tuliitwa harusi mbili tatu, tukapiga kubwa na la kati, na wanawake wakawa wanatazamana, wanasubiri wimbo uanze. Kutoka Njinjo wachukuzi wa nta walituletea salamu kwamba dada anapiga gambusi jioni kwenye kibaraza cha mumewe, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kumsikia. Bibi aliomba arudiwe habari hiyo mara ya pili. Mimi nilitoka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kisha vita. Wengine wameyaeleza hayo vizuri kuliko ninavyoweza. Watu wa milimani walichoshwa na pamba ya Wajerumani na viboko vyao, wakanywa maji ya dawa wakiamini risasi haitawaingia, wakainuka. Sisi wa mjini tuliona njia ya bara imefungwa na askari wanapita. Baba na maseremala wengine waliitwa bomani, akawa anarudi jioni na vumbi la mbao zisizo zetu. Hakuna aliyeoa. Kubwa na la kati yalining'inia ukutani karibu na ile ngozi, na hatukupata habari yoyote ya Njinjo.

Baada ya bunduki ikaja njaa. Mashamba ya bara yalichomwa pamoja na vihenge vyake, na watu wakateremka kutafuta chakula kwetu, na kwetu hakikuwepo. Tulikula ming'oko, mizizi ile ya porini, bibi akiichemsha na kubadilisha maji. Ming'oko nayo ikawa haipatikani. Asubuhi moja niliamka nikamkuta bibi amesimama juu ya kinu anaitoa ile ngozi ukutani, kijiti baada ya kijiti.

"Bibi, hiyo ni yangu."

"Najua ni yako."

Akaibabua manyoya motoni, akaikata vipande, akaichemsha na chumvi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Haikuwa na ladha. Niliitafuna muda mrefu, na shangazi, aliyekuwa amekonda hata kanga haikai, akanitazama akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kula gambusi kabla halijatengenezwa." Tulicheka, wote wanne, baba pia. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Mfunguo Tano, mvua zimeanza, mwanamke akapiga hodi. Alikuwa na mtoto mgongoni, miguu yake imevimba, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa bara.

"Shikamoo, bibi. Nyumba ya fundi wa magambusi ni hii?"

"Marahaba. Ni hii. Karibu ukae."

Hakukaa mpaka alipomaliza. Alikuwa jirani wa dada. Mume wa dada alikwenda vitani akiwa amekunywa maji, hakurudi. Askari walichoma kihenge. Dada alikuwa na mtoto wa kike ambaye hajaanza kutembea. Kwanza alizifungua nyuzi za lile gambusi, akazichemsha. Baadaye ngozi. "Aliivua polepole kwa kisu," mwanamke akasema, "kama anavyovuliwa nguo mtoto aliyelala." Supu yake alimpa mtoto, na bakuli lilikuwa ni gambusi lenyewe, mti mtupu. Tangu hapo mtoto hakutaka kunywea kitu kingine. Homa ilimchukua dada kabla ya mvua. Mwanamke huyu na mama mkwe wa dada ndio waliomzika, kisha mama mkwe naye akafuata.

Bibi alikuwa amejifunika uso. Mwanamke akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mdogo wake? Alisema nikuletee. Alisema kuna mdogo wangu Kivinje, analitaka tangu utotoni, lisiachwe huku."

Akafungua kanga. Akamteremsha mtoto wa dada, kichwa kikubwa, shingo nyembamba, na mikononi amekumbatia ule mti. Niliujua mara moja. Vigingi viwili vimekatika, tumbo liko wazi, rangi imekuwa nyeusi ndani kwa uji na moshi. Nilinyoosha mkono. Mtoto alitoa sauti ambayo sikutegemea itoke katika mwili ule, akalivuta kwake.

Baba alipofika jioni na kuambiwa, aliswali magharibi kwanza. Kisha aliligusa tumbo la gambusi kwa kidole, mtoto akiwa bado amelishika. "Halikupasuka," akasema. "Nikipata ngozi naweza kuliwamba tena." Akanitazama. Nilitaka kusema ndiyo. Nililitaka wakati ule kuliko wakati wowote, na mbele yangu alikuwa mwenye nalo mwingine, ambaye hata meno hayajamtimia.

Sasa hakuna hata moja. Dogo halikuwambwa tena. Kubwa liliingiwa na dumuzi mimi nikiwa nimeolewa Lindi. La kati, shangazi alipozikwa, tulisahau liliwekwa wapi. Wanawake wa siku hizi hawana pazia na wapigaji ni vijana wenye ndevu, na ni sawa, sitaki pazia lirudi. Lakini sijasikia tena mahali popote yale matatu yakipigwa na wanawake, moja likisema, moja likijaza, moja likikaa chini. Nikiwaeleza wajukuu wananiuliza nilikuwa napiga lipi, na nikiwaambia wananiuliza wimbo wake ulikuwaje, na haukuwa na wimbo.

Usiku ule mwanamke wa Njinjo alilala kwetu. Asubuhi bibi alipata kibaba cha unga wa mtama kutoka kwa mke wa Mhindi wa dukani, akapika uji mwepesi. Akatafuta kikombe, mtoto akakataa. Akaleta kata, akakataa, analia bila machozi. Bibi akaumimina uji ndani ya gambusi. Mtoto alishika shingo kwa mikono yote miwili, lakini upande wa tumbo ulikuwa mzito, ukawa unainama na uji unaanza kumwagika kwenye mkeka. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika upande wa pili mpaka alipomaliza.